Namba ya Siri ya Baba na Dhana Tuliyoibeba

Mtu akisimama stendi ya Chimala na kuuelekeza uso wake kusini, ataiona barabara inayopanda ukuta wa mlima kwenda Matamba na uwanda wa Kitulo. Barabara ile ina kona hamsini na saba, na kwa hesabu hiyo mlima wenyewe huitwa Hamsini na Saba. Baba yetu alizaliwa mwaka 1957. Alipenda kuwaambia watu kwamba yeye na mlima ule ni pacha, na watu wa sokoni wakaishia kumwita Mzee Hamsini na Saba. Kwa hiyo, siku alipojiunga na huduma ya fedha kwa simu na kutakiwa achague tarakimu nne za siri, hakufikiri sana. Alibonyeza 1957.

Sisi watoto wake watano tuliijua namba hiyo. Mama aliijua. Wajukuu waliijua, kwani macho ya Baba yalikuwa yameanza kuingia ukungu na kila alipotaka kutuma fedha alimwita yeyote aliye karibu ambonyezee. Mawakala wawili watatu wa barabarani waliijua pia, maana aliwatajia kwa sauti huku watu wengine wakisubiri zamu zao. Hakuna aliyeona ubaya. Namba ilikuwa nyepesi kukumbukwa, na Baba alijisifu kwamba katika umri wake hajaisahau hata mara moja.

Tunaandika haya kwa idhini yake. Alitupa sharti moja: tusimpambe, na tusijipambe sisi wenyewe.

Amana ya mabati

Mwaka 2021 jamaa wa msikiti wa mtaa wetu walikuwa wakichanga fedha za kuezeka upya. Kila aliyevuna mpunga alitoa alichojaaliwa, na kwa kuwa Baba ndiye aliyekuwa mweka hazina, michango iliingia katika laini yake. Hadi mwezi Julai zilikuwa zimetimia shilingi 1,460,000. Ijumaa moja, baada ya swala, Baba alikwenda na wazee wenzake kwa muuza mabati. Alipoangalia salio alikuta shilingi 3,200.

Tulimsindikiza nyumbani kama mtu aliyefiwa. Katika simu hapakuwa na ujumbe wowote wa kutoa fedha, aliyezitoa aliufuta. Hatukujua zimetoka lini wala saa ngapi. Tulichojua ni kimoja: aliyezitoa alikuwa na simu ya Baba mkononi, na alikuwa na namba ya Baba kichwani.

Wazee wa msikiti walituheshimu. Hakuna aliyetamka neno baya. Lakini Baba alijua, nasi tulijua, kwamba mali ya watu ikipotea mikononi mwa mtu, heshima aliyojengewa kwa miaka arobaini huanza kupimwa upya. Tuliuza magunia kumi na manane ya mpunga tuliyokuwa tumeyaweka akiba tukisubiri bei ipande, tukairudisha fedha yote kabla ya Ijumaa iliyofuata. Mabati yakanunuliwa. Kwa upande wa fedha, habari iliishia hapo. Kwa upande wa nyumba yetu, ndipo ilipoanza.

Dhana

Nyumbani kwetu alikuwa akiishi mtoto wa shangazi yetu, kijana wa miaka kumi na tisa. Alikuja akiwa yatima na Baba akamlea kama tulivyolelewa sisi. Alilala sebuleni, na simu ya Baba usiku hukaa sebuleni. Zaidi ya hayo, yeye ndiye aliyezoeleka kumbonyezea Baba namba, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa mikono na mpole wa maneno.

Hatukumwita mwizi. Tungemwita mwizi, huenda angepata nafasi ya kujitetea. Tulichofanya kilikuwa kibaya zaidi. Tulinyamaza alipoingia chumbani. Tulianza kuzibeba simu zetu hadi kisimani. Mama, ambaye kwa miaka mingi alimpa noti aende dukani bila kuuliza, alianza kuhesabu chenji mbele yake. Kijana aliyaona yote. Siku ya kumi na mbili, baada ya swala ya Alfajiri, alimuaga Mama peke yake, akabeba begi lake akapanda gari la kwenda Uyole. Huko, tulisikia, alipata kibarua cha kupakia viazi. Baadhi yetu tulipopata habari hiyo tulisema maneno ambayo leo tunamuomba Allah (S.W) atusamehe: tulisema kukimbia kwake ni ushahidi.

Wiki ya tatu Baba alikwenda Mbeya mjini, katika ofisi ya kampuni ya simu, akaomba taarifa ya miamala yake iliyochapwa kwenye karatasi. Aliporudi aliiweka mezani bila kusema kitu. Fedha zilitoka kwa miamala miwili iliyopishana dakika nne, kwenda namba ya mtu tusiyemjua, siku ya Jumanne, saa tisa na dakika 14 alasiri. Namba ya siri iliingizwa sahihi mara ya kwanza.

Jumanne ile umeme ulikatika tangu asubuhi, na Baba aliipeleka simu yake kwenye kibanda cha kuchaji kilichokuwa na jenereta. Ilikaa pale hadi magharibi, miongoni mwa simu nyingi, mahali ambapo kila mpita njia husimama kupiga soga. Nasi Jumanne ile tulikuwa Igurusi tukibeba mpunga kutoka shambani. Kijana alikuwa pamoja nasi mchana kutwa. Tena ilipoingia Alasiri, kando ya jaruba, ni yeye aliyetuswalisha.

Yaani katika saa ileile ambayo mkono wa mwizi ulikuwa ukibonyeza 1957, au muda mfupi tu baada yake, sisi tulikuwa tumesimama nyuma ya mtu ambaye baadaye tungemtuhumu.

Tulikwenda Uyole watu watatu, na Baba akiwa mbele. Alimuomba msamaha mtoto wa dada yake mbele ya magunia ya viazi, naye alilia, nasi tulilia. Alirudi Chimala baada ya miezi miwili. Aliyeiba hatukumpata hadi leo. Mwenye kibanda hatukumshtaki kwa watu, kwa kuwa tayari tulikuwa tumeonja tunda la dhana na hatukutaka kulila mara ya pili.

Siri nzuri humlinda asiye na hatia

Katika Surat al-Hujurat Waislamu tumeamrishwa kujiepusha na dhana nyingi, kwani baadhi yake ni dhambi. Aya hiyo tulikuwa tumeihifadhi sote nyumbani. Lakini kuna somo jingine ambalo hatukuwa tumeliunganisha nayo. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W) alikuwa katika itikafu, mkewe Bibi Safiyya (R.A) akaja kumtembelea usiku, naye akatoka kumsindikiza. Wanaume wawili wa Kiansari wakapita, walipomuona wakaharakisha mwendo. Aliwasimamisha na kuwajulisha kwamba huyo aliye naye ni Safiyya, akiwaeleza kuwa alichelea shetani asije akatia jambo katika nyoyo zao. Hakuna aliyemtuhumu. Alichofanya ni kuuziba mwanya wa dhana kabla haujafunguka.

Hilo ndilo ambalo sisi hatukulifanya. Watu wengi hudhani kuwa namba ya siri kazi yake ni kumzuia mwizi. Kazi hiyo ipo, lakini ipo na nyingine kubwa zaidi kwa watu wanaoishi chini ya dari moja. Namba inayojulikana na watu kumi, siku ikitumika vibaya, huwafanya wote kumi kuwa watuhumiwa, na tisa kati yao, au wote kumi, hawana hatia. Baba alipotwambia namba yake alidhani anatupa uaminifu. Kumbe alikuwa akitutwisha mzigo ambao siku moja mmoja wetu angeubeba peke yake hadi Uyole.

Kwa hiyo nyumbani kwetu tuliacha kuuliza, "Je, humwamini mkeo? Humwamini mwanao?" Mume anayeificha namba yake hamtuhumu mkewe, anamtoa katika orodha. Mama asiyemtajia mwanawe namba anampa ngao. Na mtoto anapofundishwa kugeuza uso mzazi wake anapobonyeza, anafundishwa adabu ileile iliyomo katika Surat an-Nur ya kubisha hodi kabla ya kuingia.

Nyepesi kwako, nyepesi kwa wengine

Tulipoanza kutafuta namba nyingine ndipo tulipogundua kwamba kuchagua siri ni elimu. Tarakimu nne hutoa namba 10,000, kuanzia 0000 hadi 9999. Huduma za fedha kwa simu hufunga baada ya kukosea mara chache, aghalabu mara tatu. Mwizi anayebahatisha tu ana nafasi tatu katika elfu kumi, na hiyo ni nafasi finyu sana. Lakini akijua kwamba watu wazima wengi hutumia mwaka wa kuzaliwa, hana tena namba elfu kumi za kujaribu: kuanzia 1945 hadi 2005 ni miaka 61 tu. Na akikujua wewe binafsi, anabaki na namba moja.

Wala mwaka wa kuzaliwa si siri hata kwa asiyekujua. Tazama Namba yako ya Kitambulisho cha Taifa. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kila unapotoa nakala ya kitambulisho chako, dukani au ofisini, tarakimu nne za kwanza kabisa zinazosomeka ni mwaka wako. Baba alikuwa ameibandika siri yake kwenye paji la uso la kitambulisho chake mwenyewe.

Wengine hukimbilia siku na mwezi wa kuzaliwa mtoto, na hapo machaguo hayazidi 366. Wengine huandika 1234. Mwaka 2012 mchambuzi mmoja, Nick Berry, alizichunguza namba za tarakimu nne zipatazo milioni 3.4 zilizokuwa zimevuja, akakuta 1234 peke yake imetumiwa na zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi, na miaka inayoanza na 19 imejaa tele miongoni mwa zinazopendwa.

Sisi Waislamu nasi tuna mazoea yetu, na ni vizuri kuambiana ukweli. Tuliulizana nyumbani kila mmoja angechagua namba gani ya dini. Zikatoka 0786, 0114, 6236 na 0622. Ya kwanza ni jumla ya herufi za Bismillahi kwa hesabu ya abjadi, ya pili ni idadi ya sura, ya tatu ni idadi ya aya kwa hesabu iliyo mashuhuri, na ya nne ni mwaka wa Hijra kwa kalenda ya Miladi. Ni namba zenye heshima. Lakini mwizi anayetujua kuwa ni Waislamu angeanza na hizo hizo. Heshima ya namba haiifanyi kuwa siri.

Ndivyo ilivyo kwa maneno pia. Wanaobuni programu za kukisia maneno ya siri huzilisha vitabu vizima, misemo, mashairi, majina ya watu na ya miji. Aya inayosomwa na mamilioni ya watu, hata ikiandikwa kwa herufi za Kilatini, haiwezi kuwa siri ya mtu mmoja. Isitoshe, Maneno ya Allah (S.W) yanastahiki makazi bora kuliko kugongwagongwa kwenye kioo cha simu iliyo chooni.

Kofia ya Baba

Tatizo, tuligundua, ni kwamba akili ya mwanadamu haiwezi kubahatisha. Ukimwambia mtu achague namba yoyote, atachagua ile yenye maana kwake, na kilicho na maana kwako kina njia ya kujulikana. Kwa hiyo uchaguzi tuliuondoa kwenye akili tukauweka kwenye kofia.

Tulikata vikaratasi kumi vinavyolingana, tukaviandika 0 hadi 9, tukavikunja na kuvitia katika kofia ya Baba ya Ijumaa. Unatikisa, unavuta kimoja, unaandika, unakirudisha. Kukirudisha ni muhimu, ili kila tarakimu iwe na nafasi sawa kila mara. Unafanya hivyo mara nne. Namba itakayotoka ndiyo hiyohiyo. Usiikatae kwa kuwa huipendi, maana ukianza kuchagua unayoipenda umerudi ulikotoka. Ikitoka moja ya zile zinazokisiwa upesi, kama 1234 au mwaka wako, hapo tu ndipo uvute upya.

Sasa limebaki suala la kukumbuka, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Siri ni kugeuza mpango: usianze na kumbukumbu ukatafuta namba, anza na namba kisha uitungie kumbukumbu. Tuseme imetoka 6392. Mama angesema: kuku sita, majogoo matatu, mayai tisa, paka wawili. Anaiona picha: kuku sita wametulia, majogoo matatu wanapigana, mayai tisa yapo kwenye kiota, na paka wawili wanayanyemelea. Mama hakusoma zaidi ya darasa la nne, na namba yake ya sasa, tusiyoijua sisi, anaikumbuka bila karatasi. (Hiyo 6392 imeshachapwa gazetini, asiitumie mtu.)

Wenye kuhifadhi Qur'an wanajua kanuni ya pili: kilichohifadhiwa hakikai bila kurejewa. Siku ya kwanza irudie picha yako baada ya kila swala, moyoni, si kwa ulimi. Siku ya pili asubuhi na jioni. Ndani ya wiki moja itakuwa imekaa. Kwa wiki hiyo unaweza kuwa na karatasi, mradi haikai ndani ya kava la simu wala haiandikwi kwa jina la "namba ya siri" katika orodha ya majina ya simuni, kama tulivyokuwa tukifanya sisi. Baada ya wiki, ichome.

Kwa vijana wetu, ambao wana barua pepe, akaunti za mitandao ya kijamii na za maombi ya ajira na mikopo ya masomo, tarakimu nne hazitoshi. Huko hutakiwa nywila ndefu, na mkisiaji anaweza kuwa mashine isiyochoka. Tulikuwa tumezoea kuambiwa tuchanganye herufi kubwa, ndogo, namba na alama, na tubadilishe kila baada ya miezi kadhaa. Ushauri huo ulienea kutokana na mwongozo wa mwaka 2003 wa taasisi ya viwango ya Marekani, ulioandikwa na Bill Burr. Mwaka 2017 Burr mwenyewe, akiwa amestaafu, alieleza kujutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika, na mwaka huohuo taasisi ile ikatoa mwongozo mpya: urefu una faida kuliko machachari ya alama, na mtu asilazimishwe kubadilisha nywila yake pasipo sababu. Watu waliolazimishwa walikuwa wakiongeza 1 mwishoni, kisha 2, kisha 3, na kuandika @ badala ya a. Mashine za kukisia zimeyajua hayo zamani.

Njia bora ni maneno kadhaa yasiyo na uhusiano, yaliyochaguliwa kwa bahati. Mmarekani mmoja, Arnold Reinhold, aliieneza njia hii mwaka 1995 kwa kutumia dado na orodha ya maneno 7,776. Sisi hatukuwa na orodha yake, lakini tulikuwa na kamusi na kofia. Ukiwa na kamusi ya Kiswahili yenye kurasa 500, vuta vikaratasi mara tatu upate namba ya ukurasa. Ikitoka 000, au ikizidi 500, vuta tena. Chukua neno la kwanza linaloelezwa katika ukurasa huo. Fanya hivyo mara tano. Maneno matano kwa mpango huo hutoa machaguo zaidi ya trilioni 31, hata kama mkisiaji anayo kamusi ileile mkononi.

Dada yetu mdogo alipojaribu kwa mara ya kwanza alipata kibatari, mzinga, ubani, parafujo, jongoo. Alicheka, kisha akaitengeneza picha: kibatari kimewekwa juu ya mzinga wa nyuki, ndani yake unafuka ubani, na parafujo iliyoanguka chini imebebwa na jongoo. Sote tuliokuwepo tunaikumbuka hadi leo, ndiyo maana ilimbidi achague nyingine akiwa peke yake. Picha ya ajabu haisahauliki; ya kawaida husahaulika.

Milango mbalimbali

Katika Surat Yusuf, Nabii Ya'qub (A.S) alipowaruhusu wanawe kusafiri tena kwenda Misri aliwausia wasiingie wote kwa mlango mmoja, bali wapitie milango mbalimbali. Papo hapo alikiri kwamba hawezi kuwakinga na lolote alilolikadiria Allah (S.W). Tahadhari na tawakkul zilikaa katika kauli moja ya mzee mmoja.

Tunaona wosia huo unatufaa. Mwaka 2009 tovuti moja ya Marekani iitwayo RockYou ilivamiwa na nywila zipatazo milioni 32 zikatoka nje. Iliyotumiwa na wengi zaidi ilikuwa 123456. Mwenye kutumia nywila moja kila mahali, ikivuja katika tovuti ya michezo, ameitoa na ya barua pepe, na kupitia barua pepe ameyatoa mengine yote. Basi fedha ziwe na siri yake, barua pepe iwe na yake, na laini yenye amana za watu isichanganywe na laini ya vocha na salamu. Msikiti wetu sasa una akaunti ya kikundi ambayo mtu mmoja peke yake hawezi kutoa hata shilingi.

Na siri yoyote, iwe imara kiasi gani, huvunjwa na ulimi wa mwenyewe. Anayepiga simu akisema ni mfanyakazi wa kampuni na kuomba namba yako ya siri, ni mwongo. Mtoa huduma wa kweli haiulizi. Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" upelekwe 15040, kisha ufutwe.

Je, mtu akifa na siri yake?

Swali hili aliliuliza Baba mwenyewe, na lilitunyamazisha. Hofu ya kufa na namba kichwani ndiyo inayowafanya wazee wengi kuwatajia watoto. Lakini fedha iliyo katika simu ya marehemu ni sehemu ya mirathi. Ina madeni ya kulipwa kwanza, ina wasia, ina warithi wenye mafungu yao. Mtoto anayeitoa usiku wa msiba kwa kuwa anaijua namba, hata kama nia yake ni kununua sanda, amegusa mali ambayo sasa ni ya wengi, na amejiweka palepale tulipomweka mtoto wa shangazi yetu. Njia sahihi ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama kwenda na nyaraka zake kwa mtoa huduma.

Kinachotakiwa kuandikwa, basi, si ufunguo; ni orodha ya milango. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandika madeni. Na Mtume (S.A.W) amefundisha kwamba Muislamu mwenye jambo la kuusia hafai kulala siku mbili pasipo wasia wake kuwa umeandikwa. Baba ameandika katika daftari: laini zake ni hizi, akaunti ni hizi, anayemdai ni fulani, anayedaiwa ni fulani, na fedha hizi si zake bali ni amana ya fulani. Daftari hilo Mama anajua lilipo, na sisi tunajua lilipo. Halina namba ya siri hata moja.

Mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W), kama ilivyopokewa na Tirmidhi, kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Allah. Aliambiwa amfunge na ategemee. Siku hizi Baba anapotaka kutuma fedha hamwiti mtu. Huvaa miwani aliyonunua Mbeya, huketi ukutani, na kubonyeza taratibu. Mtoto wa shangazi yetu akiwa karibu huinuka na kutazama mlimani hadi mzee amalize, nasi sote huelekeza nyuso zetu hukohuko.

Tunamuomba Allah (S.W) atusamehe dhana tulizozibeba, awarudishie haki zao waliodhulumiwa kwa dhana, na atujaalie kuwa watunzaji wa amana, za mali na za nyoyo. Amin.